Nyoka Haongopewi

Katika chama chetu cha mafundi wa nyoka mtu anaweza kumwongopea mumewe, jirani yake, hata hakimu, na bado akakaribishwa chai. Nyoka haongopewi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na ukitaka nikwambie kweli ndiyo sheria pekee, maana zilizobaki ni adabu tu: usimkanyage, usimcheke, usimtembeze mbele za watu kama nguo ya mnadani.

Mwezi ule nilioitwa kwa Mama Ngolo nilikuwa bado fundi, na jina langu lilikuwa bado na heshima. Swila alikuwa ameingia nyuma ya jiko lake la gesi akajikunja kwenye joto, na mtaa mzima ulikuwa umesimama uani ukinisubiri. Tangu ile miaka panya walipokula mavuno ya mikoa mitatu, serikali ikapiga marufuku kuua nyoka yeyote, mwenye sumu na asiye na sumu, na watu wamejifunza kusimama uani na kutupigia simu. Kumpenda nyoka hawajajifunza. Mama Ngolo alikuwa ameshika mchi. Nilimwomba auweke chini, akauweka, akaenda kuchukua mwiko.

Nilimtoa swila kwa fimbo ya panda, nikampiga sindano chini ya taya kumwekea punje yake, nikamteremsha ndani ya kilindo. Kilindo ni kasha la duara la gome la mti, lenye mfuniko wa mbao. Nilifunga, nikapiga magoti, nikainama mpaka midomo yangu ikagusa ubao.

"Mimi ni Milembe binti Shigela," nikanong'ona. "Nakutoa hapa, nakupeleka Bonde la Itumba, penye mawe mekundu. Sikudanganyi."

Mama Ngolo aliuliza kwa nini naongea na kasha. Nilimweleza kwamba nyoka hana tundu la sikio, maneno ya hewani yanampita, lakini taya lake likilala juu ya kitu, mtikisiko hupanda kwenye mfupa mpaka ndani. Ndiyo maana tunasema tukiwa tumegusa ubao. Akauliza tena kama swila anaelewa Kiswahili. Nikamwambia swila wa mtaa huu, kwa kelele anazosikia hapa kila siku, lazima awe anaelewa na matusi pia. Watu walicheka, nikaondoka.

Sikumweleza lililobaki. Dawa yetu imo kwenye chale tulizochanjwa utotoni, na fundi anayemwongopea nyoka dawa yake humkimbia. Nimesoma biolojia ya kutosha kujua kwamba sumu kidogo kidogo ikisuguliwa kwenye chale huuzoesha mwili, na kwamba mwili hauulizi kama umesema kweli. Nimeumwa mara tatu na nipo. Hata hivyo sijawahi kumjua fundi aliyemwongopea nyoka kisha akathubutu kuingiza mkono nyuma ya jiko la mtu.

*

Wazo la punje lilikuwa la Luhende.

Luhende mwana wa Ngassa si ndugu yangu wa tumbo moja, ni ndugu yangu wa wembe. Tulichanjwa siku moja, kwa wembe mmoja, na damu yake ilikuwa haijakauka kwenye chuma uliponigusa mimi. Mtu wa namna hiyo humwiti rafiki. Ukifiwa anafika kabla ya jamaa zako, na akikuta umeinama analia, halafu ndiyo anauliza nani amekufa. Alikwenda mbali kusomea uhandisi wa neva, na aliporudi alikuja na kichupa kilichojaa vitu vidogo mfano wa punje za mchele, akaomba kuonana na chama.

Alieleza vizuri, kwa lugha yetu, bila kujitutumua. Punje ikiwekwa chini ya taya hujishika kwenye mfupa, na haitoki tena mpaka nyoka afe. Inasoma neva zake, joto, mtikisiko, njaa na woga, kisha inatuma. Upande wa pili kuna kofia. Anayeivaa kofia anahisi anachohisi nyoka, na kila fundi angekuwa na kofia inayofungua nyoka wake tu. Tungejua sasa kama wale tunaowaachia porini wanaishi au tunawapeleka kufa.

Wazee wa chama waliuliza swali moja: hiyo punje inajua iko wapi? Maana mahali pa kumwachia nyoka ni siri ya fundi na nyoka wake. Mimi sijui pa Mama Sundi, mwenyekiti wetu, na yeye hajui pangu. Luhende aliapa kwamba haijui. Ishara yake hurukaruka kwenye minara ya mkoa mzima, hata yeye aliyeitengeneza hawezi kusema imetoka kilima gani. Hakuongopa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba siku ile hakuongopa.

Nami nilishangilia kuliko wote. Nimependa wanyama wa magamba tangu kabla sijaota meno ya pili. Wenzangu walikuwa na wanasesere, mimi nilikuwa na guruguru aliyekuwa akipanda kifuani kuota joto, na kinyonga wa pembe tatu aliyekufa kwa wivu nilipoleta wa pili. Mara ya kwanza kumwona nyoka mla mayai, yule asiye na meno, ilikuwa nyuma ya banda la kuku la bibi yangu. Alimeza yai zima, akalipasua kwa mifupa ya shingo, akatema ganda limekunjwa vizuri kana kwamba anarudisha bahasha. Nilimtazama akimaliza mayai yote mpaka bibi akaja kuyauliza, na fimbo niliyochapwa sikuihisi. Sasa mtu ananiambia ninaweza kuwa ndani yake. Ningekataaje?

*

Niliyependa kumvaa zaidi alikuwa Shangazi.

Shangazi ni chatu jike, mzee, niliyemtoa kwenye kalvati la barabara na kumwachia kwenye majabali ya Nhobola. Nilimpa jina hilo kwa sababu huja bila taarifa, hula sana mara moja, kisha hulala na hakuna wa kumwamsha. Mwaka ule alikuwa ametaga. Alikuwa amejizungusha kwenye mayai yake ndani ya pango la nungu, hali, hawindi. Kila asubuhi alitoka kujianika juani mpaka mwili wote ukajaa joto, akarudi kuwapelekea wanawe.

Sijui nieleze vipi kumvaa chatu. Kwanza macho yanapungua kazi. Midomoni mwake kuna vishimo vidogo, na kupitia hivyo dunia inakuja kwa joto: jiwe lililopigwa na jua lina uso wake, panya anapita mbali kidogo anang'aa, mayai chini ya ubavu ni uvuguvugu mmoja mpana. Halafu chini ya taya kuna ardhi, na ardhi haikai kimya hata kidogo. Ng'ombe akitembea unamjua uzito. Hakuna haraka, hakuna jana. Nilikuwa nikivua kofia najiona mwenyewe mtu mwenye makelele mengi bila sababu.

Ijumaa ile mafundi walikuwa na mkutano, nami sikwenda kwa sababu ya mafua. Baada ya chakula cha mchana nikavaa kofia, nikajilaza.

Nilisikia hatua kabla ya kuona joto. Mtu mmoja, mwepesi, anayekanyaga kwa kisigino kwanza kama tulivyofundishwa, ili nyoka asishtuke. Joto la mtu likajaa mlango wa pango. Shangazi hakuvimba wala hakupiga, kwa sababu hatua zile alizijua. Alizijua kwangu, na mimi na mwenzangu yule tulifundishwa kutembea na mtu mmoja. Mikono ikampokea chini ya kichwa na katikati, kwa ufundi, ikamkunjua taratibu kutoka kwenye mayai. Uvuguvugu ule mpana ukabaki nyuma. Kisha gome la kilindo, mfuniko, giza, na sauti ikashuka kupitia ubao mpaka kwenye mfupa wa taya, sauti ambayo ningeitambua hata kaburini.

"Mimi ni Luhende mwana wa Ngassa. Nakutoa hapa, nakupeleka nyumbani. Sikudanganyi."

Nitasema jambo la aibu: nilifurahi. Niliwaza kwamba labda kuna moto unakuja Nhobola, kaka yangu ameona, amewahi. Nililala pale na kofia yangu nikisubiri jiwe jipya, jua jipya. Badala yake ilikuja mitetemo ya gari, kisha sakafu laini isiyo na udongo, kisha chuma. Baridi ilianza mkiani ikapanda. Haikuwa baridi ya asubuhi inayoondoka, ilikuwa baridi ya kuwekwa. Pembeni, kupitia chuma hicho hicho, nilihisi mitikisiko midogo ya wengine waliolala pia, mmoja juu ya mwingine, wengi. Njaa ya Shangazi, moyo wake, mayai yaliyobaki pangoni, vyote vikawa polepole, polepole, mpaka mume wangu akaja kunivua kofia kwa nguvu kwa sababu midomo yangu ilikuwa imegeuka rangi.

*

Mjini kulikuwa na jengo jipya linaitwa Jumba la Magamba. Nilikuwa nimelipita mara nyingi nikidhani wanauza mikoba. Kesho yake asubuhi nilielekezwa kwamba Luhende anafanya kazi humo, na nilipoingia kumtafuta nilikuta ukumbi wa viti vya kulala, kila kiti na kofia, na watu wamevaa, wamefumba macho, vidole vinacheza. Msichana wa mapokezi aliniuliza ningependa kuvaa nani, koboko au chatu, na kama nina tatizo la moyo.

Luhende alitoka mwenyewe. Hakujificha, hakukana. Alinipitisha nyuma kwenye chumba cha droo za chuma, akavuta moja, na Shangazi alikuwamo, baridi, macho wazi maana nyoka hana kope za kufumba. Wanapoozwa ili watulie, akaeleza, na mteja akija wanapashwa joto. Huachwa na njaa kidogo, kwa sababu watu wanachokipenda ni ile nukta ya kurukia panya. Aliyasema haya kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake.

Nilimuuliza alijuaje mahali pangu.

"Mliniambia," akasema. "Nyinyi wenyewe, mmoja mmoja, mdomo juu ya mfuniko. Punje haijui iko wapi, dada, hilo nilisema kweli. Lakini inasikia."

Mgeni angeweza kuzisikiliza punje zile miaka kumi asipate kitu ila makelele ya ardhi. Ilihitajika mtu aliyelelewa na sisi, anayejua kwamba kuna dakika moja, kilindo kinapofungwa, fundi hutaja kwa mdomo wake siri ambayo asingemtajia hata mamaye. Tulikuwa tumewapigania nyoka wasipachikwe kitu cha kuwafichua, kumbe cha kuwafichua kilikuwa ni uaminifu wetu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo hii nilivishwa siku moja na yeye. Nilijisikia nimevuliwa katikati ya soko na mtu aliyenifunga kanga.

Nilimwambia yeye ni mwizi. Alikubali kwa kichwa, halafu akaomba nitazame kitu kabla sijaendelea. Kwenye kiti cha tatu alikuwa amelala mwanamke wa makamo. Luhende alininong'oneza kwamba mwanawe wa pekee alikufa kwa koboko, na kwamba leo ni mara yake ya kwanza kumvaa mmoja. Tulisubiri. Alipovua kofia alitafuta viatu vyake kwa miguu, akasema bila kumtazama yeyote, "Kumbe naye alikuwa anaogopa." Akalipia kofia nyingine ya kesho kwa ajili ya dada yake, akaondoka.

"Sheria ilikataza kuua nyoka," Luhende akasema, "watu wakawa wanaua na kuwafukia shambani. Aliyekaa kwenye kiti hiki haui tena. Chama chetu kimefanya kazi tangu enzi za mababu, nionyeshe mmoja kimembadilisha hivyo."

Sikuwa na wa kumwonyesha. Nilimkumbuka Mama Ngolo na mwiko wake. Nataka ieleweke kwamba sikusimama pale nikiwa na uhakika. Nilisimama nikiwa na hasira, na hasira na uhakika ni vitu viwili. Kama yule mama angeniuliza nifunge jumba au niliache, sijui ningemjibu nini. Lakini hakuna aliyemuuliza Shangazi. Aliambiwa nyumbani, akaletwa kwenye droo.

Nilimwambia mayai yake yanapoa. Hapo Luhende alibadilika, akawa tena yule kaka wa msibani. Akasema kweli, ni kosa, nimchukue Shangazi sasa hivi nimrudishe kwa wanawe, ila nisiwaambie chama. Alisema wakubwa hawadumu kwenye droo, hufa kwa kiwewe, na ndilo tatizo lake kubwa. Wanaoletwa wakiwa wachanga ndio watakaozoea. Aliongea haraka na hakusikia alichokisema. Mimi nilisikia. Alikuwa ananirudishia mama ili nimlelee watoto.

Nilikubali. Nilimwambia sitasema. Nilimkumbatia, na yeye akanikumbatia, chale juu ya chale.

*

Nilifika Nhobola jua likiwa bado kali. Mayai mengine yalikuwa yameingia ubaridi na kunywea, lakini mengi yalikuwa bado na uzito wa kitu hai. Niliyapanga kwenye kikapu chenye pumba za mpunga bila kuyageuza, maana yai la nyoka ukiligeuza unamzamisha aliyemo. Shangazi nilikuwa nimempasha moto kwa jua njiani, kilindo kikiwa wazi, na alikuwa anaanza kutoa ulimi.

Kubaki pale hakukuwezekana, Luhende alipajua. Ilibidi niwahamishe, na ili niwahamishe ilibidi nimfunge Shangazi kwenye kilindo, na kilindo kikifungwa ilibidi niseme. Punje haitoki bila kupasua taya. Niliwaza kunyamaza, lakini kwetu nyoka aliyebebwa bila kuambiwa ni nyoka aliyeibiwa, na zaidi ya hapo Luhende alikuwa anasikiliza. Kimya changu kingemwambia kwamba nimemgeuka, naye angenifuata kabla sijafika popote. Alikuwa anasubiri maneno. Alikuwa na hakika ya maneno yangu, kwa sababu alinijua.

Nilikaa pale na mfuniko mkononi kwa muda mrefu kuliko niliokuwa nao. Nilitafuta namna ya kusema kweli nusu, jina la zamani la mahali, sentensi yenye mkia. Zote zilikuwa uongo uliovaa viatu. Mwisho nikapiga magoti. Ubao ulikuwa wa moto, na nilimsikia Shangazi akijipanga ndani, magamba yakisugua gome, mpaka taya lake likatulia.

"Mimi ni Milembe binti Shigela," nikasema. "Nakutoa hapa, nakupeleka Sanzui, kwenye machimbo ya zamani ya kokoto. Sikudanganyi."

Sauti yangu haikutetemeka. Ningependa kusema ilitetemeka.

Nilipanda pikipiki nikazunguka barabara za vumbi mpaka muda wa kufika Sanzui ukatimia, kwa sababu yule aliyesikia maneno angesikia na safari. Ulipotimia nilikuwa nimefika nao nilikokuwa nimepanga. Ni wapi, nyinyi pia sitawaambia, mnisamehe.

*

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Sundi, nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza yote tangu kofia ya Ijumaa. Ahadi niliyompa Luhende sikuihesabu. Mama Sundi ni mwanamke mnene mwenye kikohozi, anayefuga kenge uani ambao hata wajukuu zake wanawaogopa. Hakunikatiza. Aliwaita mafundi wote, wakaenda kila mtu kwenye mahali pake, na jioni walirudi mmoja mmoja. Wengi walikuta mawe matupu. Fundi mmoja mzee, aliyekuwa amebeba vifutu mia na kitu katika maisha yake, aliketi kwenye ngazi akatoa kofia yake ya punje akaiponda kwa kisigino.

Waliazimia punje zisiwekwe tena na kesi ifunguliwe. Kisha wakageuka kwangu.

Nilitegemea pongezi, nisifiche. Nilikuwa nimeokoa chatu na mayai yake, na bila mimi wangekuwa bado wanamnong'onezea Luhende ramani yake. Mama Sundi aliniuliza nilisema nini juu ya mfuniko, nirudie neno kwa neno. Nilirudia.

"Luhende ametuibia nyoka," akasema. "Wewe umetuibia maneno. Kesho nikifunga kilindo nikasema sikudanganyi, hiyo itakuwa na maana gani, mwanangu, wakati tayari imeshasemwa kwa uongo na mtu aliyekuwa anawapenda nyoka kuliko sisi sote?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba Shangazi yuko hai. Akasema ndiyo, yuko hai, na kwa hilo yeye Mama Sundi anashukuru. Halafu akanyoosha mikono, nami nikampa kilindo changu. Nilichonga mfuniko ule mwenyewe nikiwa na miaka kumi na saba. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenitukana, waliniachia nafasi nipite. Nilirudi nyumbani nikihisi nimesalitiwa mara ya pili, na safari hii na watu ambao sikuweza hata kuwachukia, kwa sababu kila nilipotafuta kosa lao nilikuta wamesema kweli.

*

Luhende alisubiri mpaka alipohesabu mayai yamekaribia kuanguliwa. Alinipigia simu mchana, upepo ukivuma kwenye simu yake.

"Niko Sanzui," akasema. "Hakuna kitu hapa. Kuna kokoto tu."

Nilitoka na simu uani.

"Milembe. Ulimwongopea?"

Nilidhani nitacheka siku hiyo ikifika. Nilikuwa nimeipanga, nimepanga mpaka neno la kumwambia. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyerudi nyumbani akakuta mlango umefungwa na watu wamehama. Kwa akili zake zote, kwa droo zake na viti vyake, alikuwa ameliacha jambo moja duniani bila kulishuku, nalo lilikuwa mimi nikiongea na nyoka.

"Wewe ulimwongopea kwanza," nikasema.

"Mimi nilikuwa nimeshatoka chamani," akajibu. "Wewe ulikuwa bado ndani."

Akakata. Hatujasemezana tena, na alipofiwa na baba yake nilikwenda msibani nikakaa upande wa wanawake, nikaondoka kabla ya kuonana. Jumba la Magamba lipo hadi leo, kesi inaahirishwa, na nasikia mtaani kwetu hakuna aliyeua nyoka mwaka huu.

*

Niliwahi kwenda walipo Shangazi na wanawe mara moja tu. Nilivua viatu mbali, nikatembea kwa nyayo zilizolegea, si kwa kisigino kama tulivyofundishwa, ili punje isinijue. Sikwenda na kofia, hiyo niliirudisha pamoja na kilindo. Nikajilaza juu ya jiwe lenye jua, nikiwaona kwa macho yangu haya ya binadamu, ambayo hayaoni sana.

Walikuwa wameanguliwa. Watoto wa chatu huwa wanang'aa siku za mwanzo, na hawa walikuwa wamelala juu ya mama yao ovyo, vichwa kila upande, wengine bado na ganda mgongoni. Si wote waliotoka, yale yaliyonywea yalikuwa yamebaki pembeni. Shangazi alikuwa amekonda. Alikuwa amelaza taya lake juu ya mwamba ule ule niliolalia mimi, kiasi cha mikono mitatu minne kutoka usoni kwangu, na ulimi wake ulitoka ukanipata. Alinijua. Hakuondoka.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nilitaka aambiwe hapa ni wapi, maana tangu aliposhuka kwenye kilindo anakaa mahali ambapo aliambiwa ni kwingine. Nilitaka angalau nitaje jina langu. Midomo yangu ilikuwa karibu kugusa jiwe, na jiwe lingempelekea vizuri kuliko ubao wowote.

Lakini chini ya taya lake kulikuwa na punje, na upande wa pili wa punje kulikuwa na ndugu yangu, anasikiliza. Niliinua kichwa, nikauma kanga yangu, nikakaa naye kimya mpaka jua likahama.